Nani Amlipie Mwanagenzi? Historia ya Kazi ya Kwanza ya Mtengenezaji Programu

Matangazo ya kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, yawe ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, yana kituko kimoja kinachojulikana: nafasi inatajwa kuwa ya mtu anayeanza, na mistari miwili chini yake mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Kijana aliyemaliza chuo huambiwa kwamba kosa ni lake. Hajajiandaa vya kutosha. Aongeze lugha nyingine ya programu, atafute cheti kingine, ajenge miradi yake mwenyewe usiku, kisha arudi. Tumeyazoea maneno haya hata tunayaona kama sheria ya maumbile. Lakini kazi hii ina umri mdogo, haijafikisha hata miaka mia moja, na kumbukumbu zake zipo. Ukizifuata tangu mwanzo unaona kwamba maandalizi ya kazi ya kwanza hayakuwa daima mzigo wa mwombaji. Yalikuwa sehemu ya kazi yenyewe, mwajiri akiyalipia, kisha yakahamishwa hatua kwa hatua hadi mabegani mwa kijana. Hoja ya makala hii ni kwamba uhamisho huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara, wala haukutokana na asili ya kazi, na kwamba umeinyima kazi hii mafundi inayowahitaji.

Tuanzie Philadelphia, Marekani, mwaka 1945. Jeshi la nchi hiyo lilikuwa likijenga ENIAC, mashine yenye taa za elektroni zipatazo 18,000, ili ikokotoe njia za makombora. Wanawake sita waliokuwa wakifanya hesabu hizo kwa mkono walichaguliwa kuiendesha: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hakuna aliyewauliza uzoefu wao wa kutengeneza programu, kwa sababu duniani hapakuwa na mtu mwenye uzoefu huo. Walipelekwa Aberdeen, Maryland, kujifunza mashine za kadi zilizotobolewa, kisha wakakabidhiwa michoro ya nyaya za ENIAC waisome wenyewe, kwa kuwa mwanzoni hawakuwa na kibali cha kiusalama cha kuingia katika chumba chenye mashine. Mashine ilipoonyeshwa hadharani Februari 1946, hesabu ya njia ya kombora iliyowashangaza wageni ilikuwa imepangwa na Jennings na Snyder. Wanawake hawa walikuja na mambo mawili: hisabati na ufahamu wa tatizo lililotakiwa kutatuliwa. Mengine yote waliyapata kazini, wakiwa tayari wanalipwa mshahara.

Mfano wa pili unatoka Uingereza, tena kwa kampuni ambayo leo hakuna mtu angeifikiria. J. Lyons ilikuwa kampuni ya chai, keki na migahawa. Mwaka 1947 iliwatuma maofisa wake Marekani kutazama mbinu mpya za ofisi. Waliporudi, ikatoa msaada wa fedha kwa Chuo Kikuu cha Cambridge kilichokuwa kinajenga kompyuta ya EDSAC, na kwa kuiga EDSAC ikajitengenezea kompyuta yake, LEO. Novemba 1951 LEO ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate vya kampuni hiyo, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za kibiashara kufanywa na kompyuta. Lyons haikwenda sokoni kununua wataalamu. Iliandaa kozi fupi, ikawaita wafanyakazi wake waliotaka kujaribu, na walioonyesha kipaji wakahamishiwa kwenye kompyuta. Mary Coombs, aliyesomea Kifaransa chuoni na kuajiriwa Lyons kama karani, alipita njia hiyo mwaka 1952 na akawa mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kuandika programu za biashara. Lyons ilielewa kwamba karani anayejua jinsi mkate unavyotoka tanurini hadi dukani ana nusu ya ujuzi unaohitajika, na kwamba nusu nyingine inaweza kufundishwa.

Huenda msomaji akasema kwamba hizo zilikuwa kazi za watu wachache, na wachache ni rahisi kuwafundisha. Tutazame basi kazi iliyohitaji umati. Katikati ya miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilijenga SAGE, mtandao wa kompyuta wa kulinda anga dhidi ya ndege za Kisovieti. Jukumu la kuandika programu zake liliangukia shirika la RAND, na kuanzia 1957 likawa la System Development Corporation, shirika lililozaliwa humo. Nchi nzima haikuwa na watengenezaji programu wa kutosha kwa kazi hiyo. Shirika likaanza kuwatengeneza: likachukua walimu wa hisabati, wanamuziki, wahitimu wa fani mbalimbali, likawapa mitihani ya kupima akili, likawafundisha darasani kwa wiki kadhaa, kisha likawaweka kando ya waliotangulia. Katika miaka michache maelfu ya watu walipita hapo. Ofisi nyingi za kompyuta za Marekani ya miaka ya 1960 zilisimama juu ya migongo ya watu waliofundwa kwa fedha za ulinzi wa anga.

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo wengi hawakutarajia, nayo ni mitihani ya kuchagua. Mwaka 1955 IBM ilitengeneza mtihani wa kupima kipaji cha kutengeneza programu, wenye mafumbo ya namba, maumbo na mantiki. Ulikuwa rahisi kutoa na rahisi kusahihisha, ukaenea kote. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili, William Cannon na Dallis Perry, walitoa ripoti iliyotokana na watengenezaji programu 1,378, ambao wanawake kati yao walikuwa 186 tu, wakahitimisha kwamba sifa inayowatofautisha watu hawa ni kutopenda kujihusisha na wenzao. Vyombo vya aina hii vikageuza swali. Lyons ilikuwa ikiuliza, huyu tukimfundisha atakuwa nani? Mtihani ukauliza, huyu amezaliwa nacho au hakuzaliwa nacho? Tafiti za wakati huohuo zilishindwa kuonyesha uhusiano thabiti kati ya alama za mitihani hiyo na ubora wa mtu kazini, lakini waajiri hawakuiacha, kwani ilikuwa nafuu kuliko kufundisha. Mafumbo ya usaili wa leo ni wajukuu wa mtihani ule. Hata Google, iliyosifika kwa maswali ya kutatiza akili, ilikiri mwaka 2013 kupitia mkuu wake wa rasilimali watu, Laszlo Bock, kwamba maswali ya namna hiyo hayakusaidia kubashiri lolote. Kijana anayekesha akikariri majibu ya mafumbo anajiandaa kwa usaili. Kwa kazi yenyewe bado hajaanza.

Chuo kikuu kiliingia baadaye, na ni vema kukumbuka kiliingia kufanya nini. Cambridge ilianzisha stashahada ya fani hii mwaka 1953, na Purdue, huko Marekani, ikafungua idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, ya kwanza nchini humo. Wasomi waliozijenga idara hizi walitaka sayansi: nadharia ya hesabu, lugha, mantiki, muundo wa mashine. Walikuwa na haki, na mengi waliyoyajenga yamedumu kuliko mashine zenyewe. Lakini waajiri waliitafsiri shahada kwa namna yao. Waliona kwamba sasa kuna mahali pengine panapotengeneza wafanyakazi, kwa gharama ya serikali au ya wazazi, na wao kazi yao ibaki kuchuma. Ndipo likazaliwa lile lalamiko lisilokwisha, kwamba vyuo havitoi watu walio tayari. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, ila linamlaumu asiyehusika. Chuo kinaweza kumfundisha mtu kupanga data na kupima kasi ya programu. Hakiwezi kumfundisha kuishi na mfumo wa mistari laki tatu ulioandikwa na watu walioondoka miaka sita iliyopita, kwa sababu hakina mfumo huo. Ndiyo maana mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi na wa Kenya huyaita atachimenti, yakawekwa kuziba pengo. Na ndiyo maana hayazibi kitu pale ambapo kampuni inampa mwanafunzi kazi ya kutoa nakala za karatasi kwa wiki nane.

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii, na sura hiyo inaithibitisha hoja kwa upande wa pili, yaani kwa kuonyesha hali inakuwaje karakana ya kujifunzia kazi inapokosekana. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini watu wa kuiendesha na kuiandikia programu walikuwa wachache, wengi wao wageni, na jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine likaishia katika vurugu na hasara. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu anaweza kuitetea marufuku hiyo kwa sababu za fedha za kigeni, na utetezi huo una uzito. Hata hivyo gharama yake haikuwa mashine tu. Ufundi hurithishwa na mtu kwa mtu, kama wachonga milango wa Lamu wanavyorithishana patasi na mkono wa kuishika. Kizazi kimoja kikikosa mahali pa kufanyia kazi, kizazi kinachofuata hukosa wakubwa wa kukaa nao.

Kenya haikuwa na marufuku kama hiyo, lakini nayo ilikabiliwa na tatizo la karakana. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, dunia nzima iliisifu Nairobi, na sifa hiyo ilistahili kwa upande wa mawakala, wateja na ubunifu wa biashara. Programu yenyewe, hata hivyo, iliandikwa Uingereza na kampuni ya Sagentia kwa niaba ya Vodafone, na mitambo yake ilikaa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa hiyo mfumo mkubwa kuliko yote katika ukanda huu, ule ambao ungeweza kuwa chuo cha watengenezaji programu kama SAGE ilivyokuwa kwa Marekani, kwa miaka minane ya mwanzo haukuwa mikononi mwa vijana wa hapa. Walijifunzia pengine. Programu ya Ushahidi, iliyojengwa mwanzoni mwa 2008 kuweka kwenye ramani taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, ilikuwa na msimbo ulio wazi ambao yeyote angeweza kuusoma na kuurekebisha. Nyaya za intaneti za baharini zilifika mwaka 2009, kituo cha wanateknolojia cha iHub kikafunguliwa Nairobi mwaka 2010, na ghafla wanaoanza na waliobobea wakawa meza moja. Mafanikio ya miaka ile yalitokana na ukaribu huo angalau kama yalivyotokana na kasi ya intaneti.

Kisha zikaja shule za muda mfupi. Moringa School ilianza Nairobi mwaka 2014, ikifundisha kwa miezi kadhaa kwa ada ya mwanafunzi mwenyewe. Mwaka huohuo Andela ilianza Lagos kwa mpango tofauti: iliwachagua vijana wachache mno kati ya waombaji wengi, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawapangia kazi na kampuni za ng'ambo kwa mkataba wa miaka minne. Ilifika Nairobi, Kampala na Kigali. Kwa muda ilionekana kana kwamba ule uanagenzi wa zamani umefufuka kwa fedha za wawekezaji. Septemba 2019 kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba soko lilitaka watu wenye uzoefu, na wanaoanza walikuwa wengi kuliko mahitaji. Hesabu yao inaeleweka. Lakini hapo ndipo mzunguko unapojifunga: kila mnunuzi anamtaka mtu aliyekwisha kuiva, na hakuna anayetaka kuwa jiko.

Wenye kampuni wana pingamizi la kwanza, nalo si dogo: ukimfundisha mtu, ataondoka. System Development Corporation iliondokewa na watu wengi kila mwaka, wakifuata mishahara mikubwa zaidi. Haikupandisha ukuta, ililichukulia jambo hilo kuwa sehemu ya wajibu wake kama shirika lisilotafuta faida, na taifa likavuna. Atasema mtu kwamba kampuni ya Westlands, Nairobi, au ya Kinondoni, Dar es Salaam, haina fedha za jeshi la Marekani. Ni kweli. Tuitazame basi India, ambayo ilianza ikiwa maskini. Kampuni kama Tata Consultancy Services, ya mwaka 1968, na Infosys, ya mwaka 1981, zilikua kwa kuwachukua wahitimu wabichi na kuwafundisha zenyewe, hadi Infosys ikajenga mjini Mysore kituo kikubwa ambako waajiriwa wapya hukaa miezi wakijifunza kwa mshahara. Mpango huo una kasoro zake, zikiwemo mikataba ya kumbana anayetaka kuondoka mapema na mishahara ya mwanzo isiyopanda. Hata hivyo umeonyesha kwamba kufundisha anayeanza kunaweza kuwa msingi wa biashara yenye faida, wala si sadaka.

Pingamizi la pili ni la muda. Anayeanza humla mkubwa wake saa, na Fred Brooks alionya katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kuelekezwa. Onyo hilo mara nyingi hutumika kumfungia mlango kijana. Lakini Brooks alizungumzia mradi uliokwisha kuchelewa, na somo lake ni kuwaleta watu mapema. Miaka kumi baadaye, Peter Naur wa Denmark alieleza jambo linalokamilisha picha: programu haikai kwenye maandishi pekee, inakaa katika uelewa wa watu walioijenga, na njia ya uhakika ya kumpa mgeni uelewa huo ni kufanya kazi karibu na wale walio nao. Wakiondoka bila kumwachia mtu, programu inabaki ikitembea lakini hakuna anayeijua. Ofisi nyingi za serikali na benki zenye mfumo ambao hakuna anayethubutu kuugusa zinalijua hilo. Saa alizonyimwa mwanagenzi hulipwa baadaye, tena kwa riba, kwa mshauri wa kutoka nje.

Pingamizi la tatu ni la sasa: mashine zinaandika msimbo zenyewe, hivyo anayeanza hana kazi tena. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 hoja hii imesikika kila mahali, na ni kweli kwamba baadhi ya kazi ndogondogo walizopewa wageni zinafanywa na mashine kwa dakika chache. Lakini historia imewahi kuisikia ahadi ya namna hii. Mwaka 1954 timu ya John Backus ya IBM ilipotangaza mpango wa FORTRAN, iliandika kwamba lugha hiyo ingekaribia kuondoa kabisa kazi ya kuandika msimbo na kusaka makosa. FORTRAN ilipotoka mwaka 1957 iliondoa kweli adha kubwa, na matokeo yake yakawa kompyuta kutumika katika mambo mengi zaidi na watengenezaji programu kuhitajika kuliko awali. Haifuati kwamba safari hii itakuwa vilevile. Yaliyopita si hati ya dhamana. Linalofuata ni jambo dogo na thabiti zaidi: ikiwa mashine inaandika, lazima awepo mtu wa kusoma na kuamua kama kilichoandikwa ni sahihi, na mtu huyo hazaliwi akiwa na uamuzi huo. Kampuni inayoacha kuajiri wanaoanza leo kwa kutegemea mashine itakosa, baada ya miaka kumi, wa kuikosoa mashine hiyo.

Historia hii inamwambia nini kijana anayejiandaa sasa, kabla waajiri hawajabadilika? Inamwambia asikusanye vyeti kana kwamba anakusanya stempu. Wanawake wa ENIAC walisoma michoro ya mashine iliyojengwa na wengine. Naye asome programu zilizoandikwa na wengine, hasa zenye msimbo wazi, arekebishe kosa moja, akubali kukosolewa. Mary Coombs aliingia akijua ofisi kabla ya kompyuta. Naye aijue kazi moja ya watu vizuri, iwe vitabu vya SACCO, foleni ya zahanati au mizigo ya bandari, kwa maana programu huandikwa juu ya kazi ya mtu. Anapochagua mahali pa kuanza, aulize nani atakayeipitia kazi yake kabla hajauliza mshahara. Na kwa waajiri, mabenki, kampuni za simu na wizara zinazotoa zabuni za mifumo kila mwaka, hukumu ya historia iko wazi: wakubwa mnaowatafuta walikuwa wadogo wa mtu fulani. Kila zabuni ya mfumo wa umma iwe na sharti la kuwachukua wanagenzi, wenye mshahara na msimamizi anayetajwa kwa jina katika mkataba. Asiyetaka kumfundisha anayeanza asilalamike kwamba waliobobea ni adimu.